Baba Krismasi avae joho mbele ya watoto

Alasiri ya tarehe 23 Desemba 1951, mjini Dijon nchini Ufaransa, sanamu ya mzee mwenye ndevu nyeupe na joho jekundu ilitundikwa kwenye uzio wa vyuma wa kanisa kuu, kisha ikachomwa moto hapo hapo uani. Waliosimama kutazama walikuwa mamia ya watoto wa vikundi vya parokia. Viongozi wa kanisa wa mji ule waliliafiki tendo hilo. Aliyeshitakiwa alikuwa Père Noël, Baba Krismasi wa Wafaransa, na shitaka lake lilikuwa zito: ameipora sikukuu ya kuzaliwa kwa Mwokozi na kuigeuza ya kipagani, ameingia hadi kwenye shule za serikali ambako pango la Mtoto Yesu limekatazwa, na juu ya yote ni uongo ambao watu wazima wanawalisha watoto. Waandaaji walitoa tangazo wakisema kwamba uongo hauwezi kuamsha hisia ya imani ndani ya mtoto. Kesho yake, saa kumi na mbili jioni, aliyechomwa akafufuka. Alionekana juu ya paa la jumba la halmashauri ya mji, taa zikimmulika, kama umma ulivyokuwa umetangaziwa. Meya wa Dijon wakati huo, Félix Kir, mwenyewe alikuwa padri, naye alikaa kando asimtetee yeyote.

Mwanaanthropolojia Claude Lévi-Strauss aliliandikia tukio hilo makala ndefu mwaka 1952, na hitimisho lake linauma hadi leo: waliotaka kummaliza mzee huyo ndio waliomwongezea umri, kwa sababu kumwadhibu hadharani kiumbe wa kubuni ni kumfanyia ibada. Nakubaliana naye. Hata hivyo sikubali kwamba kwa kuwa dawa ilikuwa mbaya, basi hapakuwa na ugonjwa. Waliosema kwamba uongo hauzai imani walisema kweli. Walichokosea ni mahali pa kuutafuta uongo wenyewe. Mzee wa matambara waliyemtia kiberiti hakuwahi kumdanganya mtoto yeyote, maana hana kinywa. Waliosema kwamba yupo, anakuja usiku, ameziona barua na ameacha baiskeli sebuleni, walikuwa baba na mama wa watoto wale wale waliosimama kutazama moto. Neno la mzazi ndicho chombo ambacho imani ya Kikristo hukitumia kumfikia mtoto, na chombo hicho hakina cha akiba. Hapo ndipo wasiwasi wa Wakristo kuhusu Baba Krismasi una haki, na ndipo ninapotaka tukae.

Kwanza tuyaondoe njiani mashitaka dhaifu, kwa kuwa yanaharibu lile lenye nguvu. Wapo wanaozipanga upya herufi za jina Santa wapate jina la Shetani, kisha wakaliona hilo kuwa ufunuo. Mchezo huo unategemea tahajia ya Kiingereza. Kwa Kiswahili herufi zenyewe zinagoma. Jina Santa Claus limetokana na Sinterklaas, matamshi ya Waholanzi kwa Mtakatifu Nikolasi, na Nikolasi huyo ni wa Kanisa tangu mwanzo. Alikuwa askofu wa Myra katika karne ya 4, mji ambao leo unaitwa Demre, kusini mwa Uturuki. Habari za maisha yake zilizo thabiti ni chache, na maandishi marefu juu yake yaliandikwa karne nyingi baada ya kufa kwake. Simulizi iliyompa umaarufu ni ya baba mmoja maskini aliyekuwa na binti watatu wasio na mahari, ambao wangeishia kuuzwa katika ukahaba. Nikolasi alipita usiku akarusha dhahabu dirishani, akaondoka pasipo kutaka kujulikana. Mabaharia wa Bari, Italia, waliihamishia mifupa yake mjini kwao mwaka 1087, nako iko mpaka sasa, na sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba. Mkristo anayesema mleta zawadi ni shetani aliyevaa nyekundu anamtukana mmoja wa maaskofu wa imani yake mwenyewe.

Safari ya kutoka askofu hadi mzee mnene wa dukani ilikuwa ndefu, na sehemu yake kubwa ilipita New York. Shairi lililochapishwa bila jina la mtunzi katika gazeti moja la mji wa Troy, jimbo la New York, mwaka 1823 lilimpa kulungu wanaoruka angani na kumteremsha kwenye bomba la moshi. Mchoraji Thomas Nast alianza kumchora katika jarida la Harper's Weekly mwaka 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kuanzia mwaka 1931 Haddon Sundblom alimchorea Coca-Cola mzee mwenye mashavu mekundu ambaye dunia nzima inamtambua. Lakini joho jekundu lilikuwapo kabla ya tangazo la soda. Nalisema hili kwa sababu Desemba 2021 askofu wa Noto, kisiwani Sicilia, Antonio Staglianò, aliwaambia watoto kwamba Baba Krismasi hayupo na kwamba rangi ya mavazi yake ilichaguliwa na Coca-Cola kwa ajili ya biashara. Wazazi walikasirika, na msemaji wa jimbo lake akaomba radhi kwa niaba yake. Katika jambo kubwa askofu alikuwa sahihi, katika lile dogo aliteleza, na aliyemshutumu mwenzake kwa kutosema kweli hana ruhusa ya kuteleza. Wazazi wale nao wanatufundisha jambo. Hawakudai kwamba askofu amekosea juu ya kuwapo kwa mzee. Walilalamika kwamba amewaumbua.

Sasa tuje kwenye kiini. Mtoto wa miaka 4 hajapata kuona kijidudu cha malaria. Hajaona kwamba dunia ni mviringo, hajamwona babu wa babu yake, wala hajamwona Mungu. Yote hayo ameyapokea kwa kuambiwa. Mwanasaikolojia Paul Harris wa Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na Melissa Koenig, waliandika mwaka 2006 juu ya namna watoto wanavyojifunza sayansi na dini kupitia maneno ya watu wanaowaamini, na walionyesha kwamba njia ni ile ile: mtoto hana maabara, ana watu wake. Kwa mafundisho ya Kikristo hili si jambo geni. Paulo aliwaeleza Warumi kwamba mtu hawezi kumwamini asiyepata kumsikia, na alipomwandikia kijana Timotheo alimkumbusha kwamba imani aliyonayo ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi na kwa mama yake Eunike. Bibi, kisha mama, kisha mtoto. Hapakuwa na kitabu cha katekisimu kati yao, palikuwa na vinywa vya wanawake wawili ambao mtoto hakuwa na sababu ya kuvitilia shaka.

Watu hupenda kusema kwamba watoto huamini chochote, hivyo hakuna aliyewadanganya, wamejidanganya wenyewe. Utafiti unasema vingine. Mwaka 2004 Jacqueline Woolley na wenzake wa Texas walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watoto wadogo waliambiwa habari za kiumbe aliyebuniwa na watafiti wenyewe, Mchawi wa Peremende, anayekuja usiku kuchukua peremende na kuacha kitu cha kuchezea mahali pake. Baadhi ya wazazi waliombwa kumwita kwa simu ya kuigiza na kubadilisha peremende usiku. Miongoni mwa watoto wakubwa kidogo, waliotembelewa na mchawi huyo waliamini zaidi kuliko wasiotembelewa. Tafsiri yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Mtoto yule hakuwa mjinga. Alipima ushahidi kama hakimu mwadilifu: peremende hazipo, kitu cha kuchezea kipo, mama amesema. Akili yake ilifanya kazi yake vizuri. Ushahidi ndio uliokuwa wa kughushi, na aliyeughushi ni mtu ambaye mtoto angemwita shahidi wa kwanza.

Katika nchi ambako Baba Krismasi amekita mizizi, ushahidi huo unatengenezwa kwa pamoja na jamii nzima. Biskuti hung'atwa nusu na kuachwa mezani. Posta ya Canada imetenga msimbo maalumu, H0H 0H0, kwa barua za watoto, nazo hujibiwa. Tangu mwaka 1955 jeshi la ulinzi wa anga la Marekani, baadaye likishirikiana na Canada, hutangaza kila mkesha wa Krismasi mahali mzee alipofikia, kana kwamba rada zimemnasa. Na mwaka 1897 gazeti la The Sun la New York lilipokea swali la binti wa miaka 8, Virginia O'Hanlon, ambaye marafiki zake walikuwa wamemwambia kwamba Santa Claus hayupo. Baba yake alikuwa amemfundisha kuwa lisemwalo na gazeti lile ndilo la kweli. Mhariri Francis Church akamjibu kwamba yupo, kwa maneno matamu yaliyochapishwa tena na tena kuliko karibu tahariri nyingine yoyote ya Kiingereza. Kama mwandishi wa gazeti, nalisoma jibu lile kwa uzito. Mtoto aliuliza swali la kweli au si kweli, akalipeleka mahali alipoambiwa hapasemi uongo, na watu wazima wakalizungusha swali lake katika falsafa ya upendo na ukarimu hadi likapotea. Alistahili jibu la swali aliloliuliza.

Wakristo wengi waliokerwa na haya wamekimbilia dawa moja: aondolewe Baba Krismasi, awekwe Yesu. Inaonekana dawa ya kimungu kabisa. Kwa maoni yangu ndiyo hatari kuliko zote, na historia imekwisha kuijaribu. Wanamatengenezo wa Ujerumani katika karne ya 16, Martin Luther akihesabiwa mbele yao, hawakutaka watakatifu wapokee shukrani zinazomstahili Kristo. Zawadi zikahamishwa kutoka tarehe 6 Desemba hadi Krismasi, na watoto wakaambiwa kwamba mleta zawadi ni Christkind, Kristo Mtoto. Kilichofuata wanamatengenezo hawakukitarajia. Christkind aliota mabawa na nywele za dhahabu, akawa kama malaika wa kike. Mjini Nuremberg leo huchaguliwa msichana wa miaka kati ya 16 na 19 kumwigiza wakati wa kufungua soko la Krismasi. Wakatoliki wa Bavaria na Austria, ambao mababu zao walimkataa Luther, wakampokea Christkind wake, na huko Austria wapo wanaofanya kampeni za kumtetea asifukuzwe na Santa. Walutheri wa kaskazini wakaishia kuwa na Weihnachtsmann, mzee wa Krismasi. Huko Cheki mleta zawadi ni Ježíšek, Yesu mdogo, na Kolombia ni Mtoto Mungu. Katika nyumba hizo zote mtoto hufika umri fulani akagundua kwamba zawadi aliyoambiwa imeletwa na Yesu, baba aliificha juu ya kabati. Anayegundua kuwa Santa hakuja amepoteza mzee wa kaskazini. Huyu mwingine ameambiwa jambo lisilo kweli juu ya Yule ambaye kesho ataambiwa alifufuka.

Augustino, askofu Mwafrika wa Hippo, ambayo leo ni Annaba nchini Algeria, aliandika kitabu juu ya uongo yapata mwaka 395 na kingine yapata mwaka 420. Aliupanga uongo katika aina nane kwa uzito wake, na wa kwanza, ule ambao mtu anapaswa kuukimbia mbali kuliko mwingine wowote, ni uongo unaosemwa katika kufundisha dini. Hoja yake haijachakaa. Ukikubali kusema lisilo kweli ili kumvuta mtu kwenye imani, umeufungulia mlango ule mkono unaoweza kuifuta imani yote, maana msikilizaji atauliza: na hili je, ulilisema kwa sababu ni kweli, au kwa sababu lilinifaa? Mwalimu wa Shule ya Jumapili anayemwambia mtoto kwamba Yesu ndiye aliyeweka pipi chini ya mti amefanya kosa kubwa kuliko meneja wa duka aliyemkodi mtu avae ndevu za pamba.

Lakini je, mbona watoto hawadhuriki? Pingamizi hili ni la haki na lina ushahidi. Mwaka 1994 Carl Anderson na Norman Prentice walichapisha mahojiano yao na watoto 52 ambao walikuwa wameacha kumwamini Santa Claus. Wengi wao waliugundua ukweli wenyewe, wakiwa na umri wa miaka 7 hivi, na hisia walizoeleza kwa jumla zilikuwa nzuri kuliko mbaya. Waliohuzunika zaidi walikuwa wazazi. Mamilioni ya Wakristo wa Marekani walilelewa na Santa na bado wanasali. Anayewatisha wazazi kwamba mtoto akijua ukweli ataikana imani anasema zaidi ya alichonacho mkononi, na kwa hiyo anaangukia katika kosa lile lile analolipinga. Mimi sisemi kwamba Baba Krismasi huzaa wasioamini.

Nasema hivi: kutoumia si kipimo pekee cha neno lililosemwa. Mume aliyemficha mkewe jambo, mke asiumie alipolijua, hajathibitisha kwamba alifanya vyema. Amethibitisha kwamba mkewe ana moyo mkubwa. Watoto wana moyo mkubwa mno kwa wazazi wao, na kuwasamehe kwao haraka kusigeuzwe kibali. Tena upo ushahidi wa upande wa pili, japo ni wa hali tofauti. Chelsea Hays na Leslie Carver wa California walifanya jaribio na watoto 186 wa miaka 3 hadi 7, matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Baadhi yao walidanganywa na mtu mzima kwamba kuna bakuli kubwa la peremende chumba cha pili, kisha akakiri kuwa halikuwapo. Wale waliofikia umri wa kwenda shule, baada ya kudanganywa, walielekea zaidi kuchungulia walichokatazwa na kisha kukana. Bakuli la peremende si Baba Krismasi, na uongo wa chumba cha majaribio haufanani na furaha ya mkesha nyumbani. Ninachokichukua hapo ni kidogo lakini kinatosha: mtoto wa shule anapogundua kuwa amedanganywa, anaandika kumbukumbu ya yule aliyemdanganya, na baadaye huitumia.

Pingamizi jingine lina mapenzi zaidi ndani yake. Husemwa kwamba mtoto anahitaji maajabu, na kumnyima Baba Krismasi ni kumkausha ubongo. Hapa lugha yetu inajua jambo ambalo wenye Santa walilisahau. Msimulizi wa Kiswahili hakai tu akaanza kusema sungura alimpanda fisi mgongoni. Huita: Paukwa! Na watoto hujibu: Pakawa! Au huita: Hadithi, hadithi! Nao huitikia: Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Mtoto mwenyewe, kwa kinywa chake, ameukaribisha uongo na kuutaja kwa jina lake, na utamu haukupungua hata chembe. Atacheka, ataogopa zimwi, atalala amejikunyata kwa bibi. Lakini kuna mlango ambao aliingilia, na anajua ulipo. Augustino aliliona hilo pia, maana alisema mizaha haihesabiwi kuwa uongo, kwa kuwa sauti na hali ya msemaji vinaonyesha kwamba hakusudii kudanganya. Mtoto anayeendesha kiti akisema ni basi la Mwanza ana maajabu yake yote mikononi na hajadanganywa na yeyote. Baba Krismasi anaweza kuingia nyumba ya Kikristo kwa mlango huo huo wa hadithi, na sioni anachopoteza isipokuwa biskuti zilizong'atwa usiku.

Nikiwa bado kwenye habari ya kile mtoto anachofundishwa, kuna jambo ambalo Wakristo hulitaja mara chache kuliko inavyostahili. Mzee wa dukani ana daftari la watoto wema na watukutu. Tangu mwaka 2005 Marekani wameongeza mwanasesere anayewekwa rafuni siku za kuelekea Krismasi, ambaye mtoto huambiwa kwamba kila usiku humpelekea Santa taarifa za mwenendo wake. Zawadi imekuwa mshahara. Tena mshahara wenyewe hauendi kwa wema hata kidogo, unafuata mfuko wa baba. Mtoto wa mwenye nyumba anapata baiskeli, wa mlinzi wa geti anapata peni, nao wanasoma darasa moja. Kama wote wawili wanaamini daftari lipo, wa mlinzi afikirie nini juu ya nafsi yake? Kila mtu mzima anajua jibu ni la kipato. Yeye hajui, kwa hiyo atalitafuta ndani yake. Sijui fundisho lililo mbali na Krismasi kuliko hilo, maana Kanisa likiadhimisha Krismasi linatangaza neema, kitu kilichotolewa kwa wasiokistahili. Nikolasi wa simulizi hakuuliza ni yupi kati ya wale binti watatu aliyekuwa mtiifu. Aliuliza nani yuko hatarini, akatoa.

Wapo watakaosema haya ni ya Wazungu, sisi Krismasi yetu ni nguo mpya, ibada, pilau, na mabasi yaliyojaa kwenda Moshi. Kwa nyumba nyingi ni kweli, na tumshukuru Mungu. Lakini tazama maduka makubwa ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala ifikapo Desemba: pamba imemwagwa juu ya miti ya plastiki kuigiza theluji, na kijana anatoka jasho ndani ya joho jekundu akipigwa picha na watoto. Katuni zinamleta hadi kijijini kupitia simu, na binamu walioko Marekani huuliza kwenye video Santa amekuletea nini. Kongo wana Père Noël kutoka kwa Wabelgiji, na Mtakatifu Nikolasi wa tarehe 6 pia. Desturi hii kwetu ingali changa, na changa hukunjika. Na tusijifanye kwamba kuwadanganya watoto tumefundishwa na duka. Ukilia daktari atakuchoma sindano. Nyamaza, polisi anakuja. Kaa hapa, narudi sasa hivi. Kumbe mama anaelekea stendi. Gail Heyman na wenzake, waliochapisha mwaka 2013 uchunguzi wao wa wazazi wa Marekani na China, walikuta kwamba wengi mno katika nchi zote mbili huwadanganya watoto ili watii, na kitisho cha kumwacha mtoto peke yake kilikuwa miongoni mwa vilivyozoeleka kabisa. Anayemkataa Baba Krismasi kwa jina la ukweli, kisha akamtumia daktari kama zimwi, hajaanza.

Pwani yetu ina desturi ambayo Mkristo anaweza kuitazama kwa jirani yake Mwislamu akajifunza. Siku ya Idi watoto hupita nyumba kwa nyumba wakiomba mkono wa Idi. Jina lenyewe limetaja mkono. Mtoto anajua ni shangazi yupi aliyetoa, anasema ahsante akimtazama usoni, na siku akiwa mkubwa anajua kwamba mkono sasa ni wake. Shukrani inayotumwa kwa mzee wa barafu haimfikii mama aliyelala na njaa wiki mbili ili viatu vipatikane. Mtoto akijua viatu vimetoka wapi, amepewa viatu na amepewa mama.

Yupo atakayehofia kwamba mtoto wake akijua ukweli atawaharibia wenzake sherehe darasani. Watoto wa Afrika Mashariki wanakaa dawati moja na wenzao wa dini nyingine, na wamekwisha kufundishwa kutobishana juu ya kila kinachoaminiwa nyumba ya pili. Mwambie: kwa kina fulani wanacheza mchezo huo, waachie wazazi wao. Ataelewa.

Kwa hiyo nina ombi kwa wazazi na kwa walimu wa Shule ya Jumapili mnaoandaa sherehe za watoto mwezi huu. Mtoto akikuuliza kama Baba Krismasi yupo, mjibu siku hiyo hiyo, kwa sentensi fupi, usimzungushe. Msimulieni habari ya askofu wa Myra na dirisha la wale binti watatu, na semeni kwamba ni simulizi ya zamani. Na kama mmekwisha kumtafuta kijana wa kuvaa nyekundu, msimfiche nyuma ya pazia. Mleteni mbele akiwa na shati lake, watoto wamwone ni kaka yao wa kwaya, ajifunge ndevu hapo hapo, avae joho wakihesabu vifungo kwa sauti, kisha agawe zawadi.